Kisambaza amenuna: michezo ya hisia kwa watoto wa miaka 2 hadi 6

Muulize mtoto wa miaka minne wa Goma, mashariki mwa Kongo, anasikia namna gani, na karibu kila mara atakujibu kwa neno moja kati ya mawili: "muzuri" au "mubaya". Si kwamba ndani yake hamna zaidi. Mna woga, wivu, haya, hamu, machungu na kasirani (hasira), ila majina yake hajayashika bado. Kwa umri huo hakuna somo la ubaoni litakalomshikisha. Mchezo utaweza, tena mfupi, tena wakati mtoto ametulia. Hilo la mwisho ndilo linalokosewa zaidi: watu wazima huukumbuka mchezo wa hisia mtoto akiwa tayari amejitupa chini analia. Saa hiyo masikio yamefungwa. Anayelia anahitaji mkono begani na sauti ya chini. Mchezo ungoje kesho asubuhi.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kinaziweka hisia mwilini. Moyo unaenda mbio, uso unakunjamana, magoti yanalegea, mtu anavimba kwa hasira. Huku kwetu Kivu tunasema hata kwamba tunazisikia: nasikia woga, nasikia haya, kama vile mtu anavyosikia njaa au baridi. Basi anza na mwili, jina lifuate. "Mikono yako imekunja ngumi, na uso umekaza. Hiyo ni kasirani." Mtoto akishajua ngumi yake inasema nini, neno atalishika bila kukaririshwa.

Kuna maneno mawili ya kuangalia. "Kuchukia" lina sura mbili: mtoto anaposema amechukia, mara nyingi maana yake ameudhika tu, wala hana mtu anayemchukia. Ukimkaripia kwamba si vizuri kuchukia watu, umemjibu jambo ambalo hakusema. "Machungu" nalo hubeba kidonda cha goti na huzuni ya kuachwa na mama mlangoni. Muulize, "Machungu ya wapi?" Akionyesha goti, osha goti. Akionyesha kifua, au akikosa pa kuonyesha, hapo ndipo kazi inapoanzia.

Na Kifaransa? Katika maternele (shule za chekechea) nyingi watoto wanaimba "je suis content", yaani nimefurahi, huku nyuso zimelala. Wimbo ni mzuri kwa wimbo, lakini jina la hisia lipandwe kwanza katika lugha ambayo mtoto analilia. Kifaransa kitakuja juu yake, na kitapata mahali pa kukaa.

Kuhusu umri, usiwe na haraka. Miaka 2 hadi 3, maneno matatu yanatosha: furaha, machungu, kasirani. Furaha ndiyo uso ambao watoto wadogo huutambua mapema zaidi; woga na mshangao huchelewa, na wengi huvichanganya hata wakiwa na miaka minne. Miaka 4 hadi 5, ongeza woga na haya. Kuanzia miaka 6 mtoto anaweza kuzungumzia wivu na hamu, lakini usimdai akueleze kwamba anafurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Hilo kwa kawaida huja baadaye sana, karibu na miaka 8 au zaidi. Muda nao: dakika tano kwa wa miaka miwili, kumi kwa wa minne, kumi na tano kwa wa sita. Mchezo ukatwe watoto wakiwa bado wanautaka.

Neno moja kuhusu zile karatasi za nyuso za njano zinazobandikwa ukutani. Sizipendi. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowapa Wahimba wa Namibia picha za nyuso wazipange kwa mafungu. Hawakuzipanga kama Wamarekani walivyozipanga, na mara nyingi walitaja tendo ("anacheka", "anatazama") badala ya hisia. Mchoro wa mdomo uliopinda chini haujielezi wenyewe. Kioo kidogo chenye fremu ya plastiki kinafundisha zaidi, maana uso uliomo ni wa mtoto mwenyewe, na anaweza kuukunja na kuukunjua apendavyo. Dakika mbili za kioo kila asubuhi zinatosha. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kisambaza

Mchezo unaobeba mingine yote ni kikaragosi. Chetu ni samaki, Kisambaza, kwa sababu hakuna mtoto wa mji huu asiyejua sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Unahitaji soksi moja ya mtu mzima, kipande cha katoni laini cha urefu wa sentimita 12 na upana wa 8, kitambaa cha kikwembe (kitenge) cha sentimita 20 kwa 20, sindano, uzi na kalamu nyeusi isiyofutika. Kunja katoni katikati kwa upana wake, ikate pembe ziwe mviringo, isukume hadi kwenye vidole vya soksi, ushone pande mbili ili isiteleze: huo ni mdomo. Kipande cha kikwembe kikunje kama feni, ukishone juu ya kisigino kiwe pezi. Kinachobaki kiwe mkia, ukishone nje kwenye ukingo wa soksi. Macho uyachore kwa kalamu au kwa uzi. Usitumie vifungo: kifungo kilicholegea huishia mdomoni au puani. Kipimo rahisi ni mrija wa katoni wa karatasi ya chooni: kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Jina lina uzito wake. Usikiite kikaragosi jina la mtoto wa darasani wala la jirani. Na usikiite Kadogo, hata kama ni kadogo kweli. Tangu vita vya 1996 na 1997 neno hilo limebeba watoto waliovalishwa sare na kupewa bunduki, na bibi wa mtoto atalisikia tofauti na wewe.

Kisambaza hajui kitu. Ndiyo siri yake. Ukimfanya mwalimu wa pili, watoto wanakaa kimya na kumjibu wanachodhani anataka. Ukimfanya mjinga kidogo, wanasimama kumfundisha. Aje amenuna, mdomo umefungwa, pezi limelala. "Ana nini huyu?" Watoto watasema ana njaa. Kwa watoto wa hapa jibu la kwanza karibu daima ni njaa, na si jibu baya. Likubali, mpe chakula cha kujifanya, kisha anune tena. Sasa wanalazimika kutafuta jingine. Ukisikia wa tatu akisema "amekosa mama yake", nyamaza. Hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Kimya hicho ndicho kinachowavuta wale wasiosema.

Hadithi inayofaa siku za kwanza ni ya ugeni. Sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni wenyeji kuliko wengi wetu. Kisambaza anafika kwenye ziwa asilolijua, maji baridi, hamna anayejua jina lake. Anasikia nini tumboni? Nani atamkaribia, na atamwambia nini? Darasa lililopokea mtoto aliyehama kutoka kijiji chake linaelewa bila wewe kumtaja yeyote. Na usimtaje. Kisambaza hasimulii kamwe jambo lililotokea kwa mtoto aliye hapo, hata kwa kubadilisha jina. Watoto hujua papo hapo, na mwenye jambo hatakuamini tena.

Kwa Kisambaza fundisha pia tofauti ya "pole" na "samahani", ambayo watu wazima wengi wanaivuruga. Igizo la kwanza: Kisambaza anaona kikombe cha mwenzake kimeanguka. Hakukiangusha yeye. Anasema "pole". Igizo la pili: anakimbia, anakipiga kikombe, kinaanguka. Anasema "samahani", kisha anakiokota. Pole haikiri kosa; inasema nimeyaona machungu yako. Samahani inakiri, na inataka mkono uifuate. Yarudie maigizo hayo mara tatu au nne kwa wiki moja, ukibadili vitu, kisha Kisambaza akosee makusudi: apige kikombe na kusema "pole" huku anaondoka. Watoto wa miaka mitano hupiga kelele za kupinga. Kumlazimisha mtoto aliyekasirika atamke "samahani" papo hapo, kwa upande mwingine, kunamfundisha tu kwamba ni neno la kuachiliwa.

Freni ya chukudu

Huu ndio mchezo ambao ningeuacha wa mwisho kama ningelazimishwa kuacha mingine. Kila mtoto wa Goma amemwona mtu wa chukudu, lile skuta kubwa la mbao la kubebea mizigo, akiteremka na magunia: goti au mguu juu ya ubao, mguu mwingine tayari kusukuma au kuzuia. Watoto wanakuwa chukudu.

Tafuta uwanja wa mita nne kwa nne. Ufagie vizuri, maana mawe ya volkano yanakata miguu, na chora duara kwa kipande cha makala (mkaa) kama chini ni saruji, au kwa kamba kama ni udongo. Watoto wanane hadi kumi waingie. Kama darasa lina arobaini, wengine wakae kuzunguka na kupiga mapigo kwenye bidoni (madumu) tupu za lita 5. Bidoni nne zinatosha, wapokezane. Mapigo ni matatu. La kwanza ni polepole: chukudu tupu njiani tambarare. La pili ni la kati: imebeba viazi. La tatu ni haraka: inateremka. Wazungukie upande mmoja wote. Baada ya sekunde 10 hadi 15 sema "Freni!" (yaani breki). Bidoni zinanyamaza, kila mtoto anaweka mguu mmoja nyuma, anakaza mikono kwenye usukani wa kujifanya, na anatoa hewa kwa meno, "fssss", hadi uhesabu nne. Kisha mkono kifuani: "Moyo unasema nini?" Wengine watasema unapiga ngoma. Ngoja hadi wausikie umepungua. Rudia mara tano.

Wiki ya pili, tia hisia ndani. "Mtu ameiba makala yako!" Uso, mabega, hatua nzito, pigo la tatu, freni, "fssss", halafu mtoto aseme anachotaka: "Nirudishie makala yangu." Wiki ya tatu tia furaha: "Mama amerudi kutoka sokoni!" Watu husahau kwamba furaha nayo inahitaji freni, mtoto aliyefurahi kupita kiasi ndiye anayemwangusha mdogo wake.

Mambo yanayoharibu mchezo huu nayajua manne. Kwanza, pigo la tatu kuzidi sekunde 20: watoto wanagongana na kilio cha kweli kinaingia. Pili, kumtoa nje anayechelewa kusimama. Ukimtoa, umemnyima zoezi yule hasa anayelihitaji, na wanaobaki ni wale wanaojua kusimama tangu zamani. Kwa hiyo hakuna anayetoka. Anayechelewa apewe mzunguko mmoja zaidi. Tatu, kumaliza kwa kasi kisha kuwaambia watoto wakae wasome. Mizunguko miwili ya mwisho iwe daima ya pigo la kwanza. Nne, na hili ndilo linaloua mchezo kabisa, kulichukua neno "freni" na kulirusha kwa sauti kuu kila mtoto anapokosea. Siku chache tu na limekuwa karipio kama mengine. Wakati wa ugomvi wa kweli, mkaribie, inama hadi usawa wa macho yake, weka mguu wako mwenyewe nyuma, toa hewa kwa meno, na useme neno mara moja kwa sauti ya chini. Akiitikia, vizuri. Asipoitikia, acha, mshike mkono umwondoe penye ugomvi.

Na mtu mzima naye apige freni mbele yao. Mvua imeloanisha makala, jiko halishiki: "Nasikia kasirani. Napiga freni." Watoto huangalia hilo kuliko igizo lolote.

Mtumbwi tumboni

Baada ya mbio, mkeka. Kunja mtumbwi mdogo kwa nusu ya karatasi ya daftari. Mtoto alale chali, mtumbwi ukae juu ya kitovu. Hewa ikiingia, wimbi linauinua, ikitoka, unashuka. Ingiza kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya tano. Sababu ya kurefusha kutoa iko moyoni: moyo huongeza mwendo kidogo tunapovuta hewa na kuupunguza tunapoitoa. Wasiojua kuhesabu waimbie; wavuvi wa Kivu wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja huimba wakipiga makasia, na mtoto aliyekaa karibu na ziwa anaijua sauti hiyo.

Pumzi tano, basi. Anayepuliza kwa nguvu atasikia kizunguzungu. Mwambie mtumbwi utazama, apunguze. Mtumbwi usipotikisika, anapumulia kifuani: weka mkono wako juu ya tumbo lake, au wake mwenyewe, usukumwe na hewa. Akicheka, mwache acheke. Ila usimwamuru afumbe macho. Wako watoto hapa ambao giza na kulala chali vinawaletea usiku mbaya. Hao wakae wameegemea ukuta, macho wazi, mtumbwi kwenye kiganja.

Kupima ukubwa wa hisia, wengi hutumia maji ya rangi kwenye chupa. Katika mji ambapo watoto wanabeba bidoni kutoka ziwani, kumwaga maji kwa mchezo si adabu. Vifuniko vitano vya bidoni za lita 20 vinafanya kazi ileile: kimoja ni kasirani ndogo kama ya kukosa zamu, vitano ni ile inayofurika. Wa miaka minne karibu wote wataweka vitano kila mara, kwa sababu vitano ni vingi na vingi ni vitamu. Usibishane. Weka wewe viwili kwa ajili ya Kisambaza na ueleze kwa nini si vitano. Wafanye hivyo kwa hadithi kwanza. Mambo yao wenyewe watayapima baada ya majuma.

Woga

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa Goma hafundishwi kwamba woga ni uongo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, ililipuka, ardhi ikatetemeka siku nyingi, na tarehe 27 sehemu za mji zikaamriwa kuhama. Watoto wengi wa maternele hawakuwa wamezaliwa, lakini wanausoma woga kwenye nyuso za wakubwa kila ardhi inapotikisika, maana mtoto mdogo asipojua kama jambo ni la hatari humtazama kwanza mama yake usoni. Ukisema "hakuna kitu" huku uso wako umepauka, ataamini uso. Sema kilichopo: "Ardhi imetikisika. Nami nimesikia woga. Tunatoka nje, unanishika mkono." Kwanza usalama, kisha jina, na mchezo siku nyingine.

Katika michezo ya woga, Kisambaza aogope vitu vidogo: kivuli, kuku, radi ya mbali. Usiigize risasi wala kukimbia vita, na usilete mapulizo (baluni). Moja likipasuka, kuna mtoto atakayelala chini ya meza, na wenzake watacheka kabla hawajaelewa. Mtoto mwenyewe akianza kuigiza vita, mwache, kaa karibu, angalia hadithi inabadilika au la. Mchezo unaotafuta njia hubadilika: leo nyumba inaungua, kesho kuna anayeleta maji. Ukirudi vilevile kila siku bila nafuu yoyote, au mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, ameacha kusema, anashtuka kila mara, na hali imepita mwezi mmoja, soksi na mitumbwi havitoshi. Mpeleke kituo cha afya ukaulize mhudumu anayeshughulika na afya ya akili. Kabla ya mwezi pia, kama mtoto hali chakula wala halali usingizi, usingoje.

Kisambaza afuliwe kila Jumamosi, maana hushikwa na mikono yote na kubusiwa na midomo yote. Katoni itaharibika, itoe kwanza, au weka kipande cha plastiki ngumu kutoka kwenye bidoni iliyopasuka, ukiwa umelainisha kingo zake. Waambie watoto Ijumaa kwamba kesho anaoga. Na ukimwanika, mbane kwa mkia. Akining'inia kwa shingo, Jumatatu utakuwa na maswali.